Sura ya Tano: Namba Itokayo Kidoleni

Kihisi cha kitabibu ni kifaa kinachopokea ishara ya mwili, iwe ni joto, mwanga, sauti, msukumo wa damu au umeme hafifu wa moyo, kisha kikaigeuza ishara hiyo kuwa namba au mchoro unaoweza kusomwa na mhudumu wa afya. Kihisi hicho huhesabiwa kuwa janja pale kinapobeba ndani yake kompyuta ndogo inayochuja ishara, kufanya hesabu na kupeleka matokeo kwingine bila mtu kuyaandika kwa mkono. Kazi yake hupanuka zaidi matokeo hayo yanapoingizwa katika akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, yaani programu za kompyuta ambazo hazikuandikiwa kila kanuni na mwanadamu bali zimejitafutia kanuni zenyewe kutokana na wingi wa mifano zilizopewa. Watengenezaji hupenda kuvinadi vifaa hivi kana kwamba vinaona moja kwa moja kilichomo mwilini. Ukweli ni kwamba hakuna kihisi kinachouona ugonjwa: kila kimoja hupima kitu kingine kilicho jirani na ugonjwa huo, kisha hukadiria, na makadirio hayo yalijengwa kwa kuwapima watu fulani, mahali fulani, katika hali fulani. Swali la kuwa watu hao walikuwa akina nani ndilo linaloongoza sura hii, na kifaa kinachofaa kulibeba ni oksimita, kibanio kidogo kinachovishwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu, kwa kuwa kimeokoa maisha mengi, bei yake imeshuka hadi kufikiwa na zahanati, na kasoro zake zinajulikana vizuri kuliko za vifaa vingi vilivyokuja baada yake.

Oksijeni husafirishwa mwilini na himoglobini, protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu, na rangi ya protini hiyo hubadilika kulingana na mzigo iliobeba: yenye oksijeni huwa nyekundu angavu, isiyo na oksijeni huwa nyekundu iliyofifia kuelekea zambarau. Oksimita hutumia tofauti hiyo kwa kurusha kidoleni mianga miwili, mmoja mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi na mwingine usioonekana kwa macho, uitwao infraredi, wenye nanomita 940 hivi, huku kihisi kilicho upande wa pili kikipima kiasi kilichofanikiwa kupita. Himoglobini isiyo na oksijeni humeza zaidi mwanga mwekundu, na ile yenye oksijeni humeza zaidi infraredi, hivyo uwiano wa mianga hiyo miwili hudokeza ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni. Kikwazo ni kwamba mwanga huo haupiti kwenye damu ya ateri peke yake, bali hupita pia kwenye ngozi, misuli, mfupa na damu ya vena, na kila kimojawapo humeza sehemu yake.

Aliyekiondoa kikwazo hicho ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nihon Kohden ya Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nia yake ya awali ilikuwa nyingine kabisa: alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kudunga rangi katika mshipa na kuifuatilia kwa mwanga uliopita kwenye sikio, lakini mapigo ya moyo yaliuvuruga mchoro wake kwa mawimbi madogo yasiyokoma. Alipokuwa akitafuta njia ya kuyafuta mawimbi hayo aligundua kwamba ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu kitu pekee kinachoongezeka na kupungua kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri, ilhali ngozi, mfupa na damu ya vena hubaki karibu vilevile. Ukipima mabadiliko tu na kuacha kile kisichobadilika, umeitenga damu ya ateri bila kumchoma mgonjwa sindano. Aoyagi aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1974, kampuni yake ikatoa kifaa cha kwanza mwaka uliofuata, na katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zikakiboresha hadi kikawa sharti la kila chumba cha upasuaji katika nchi tajiri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikiingiza katika orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Aoyagi alifariki Aprili 2020, katika majuma yaleyale ambapo ulimwengu mzima, ukiwa umebanwa na UVIKO-19, ulikuwa ukikitafuta kifaa chake madukani.

Kanuni hiyo, kwa uzuri wake wote, haitoshi kutoa namba. Mwanga ukiingia mwilini hausafiri kwa mstari ulionyooka bali hutawanyika kila upande, na hakuna hesabu nyepesi inayoweza kuufuata mtawanyiko huo katika kila kidole. Kwa hiyo watengenezaji hutumia njia ya vitendo: huwaweka watu wazima wenye afya, waliojitolea, katika maabara, wakawavutisha hewa yenye oksijeni inayopunguzwa hatua kwa hatua, wakachota damu ya ateri na kuipima kwa mashine ya maabara, kisha wakalinganisha majibu hayo na uwiano wa mianga uliosomwa na oksimita wakati uleule. Jedwali linalotokana na ulinganisho huo huhifadhiwa ndani ya kifaa, na kila mgonjwa atakayevishwa kibanio baadaye hupewa namba inayosomwa kutoka jedwali hilo. Kwa kuwa haikubaliki kimaadili kumshusha mtu mzima wa afya chini ya kiasi cha asilimia 70, namba zilizo chini ya hapo zimekisiwa kwa kuendeleza mstari. Jedwali hilo basi ni kumbukumbu ya miili ya watu wachache, na kila anayelitumia anapimwa kwa kufananishwa nao.

Kabla ya kuingia katika udhaifu unaotokana na hilo, ni haki kueleza kwa nini kifaa hiki kinastahili kufika katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya umri wa miaka mitano, na mara nyingi kinachowaua ni upungufu wa oksijeni katika damu, hali ambayo macho ya mhudumu, hata awe mzoefu kiasi gani, huikosa mara kwa mara. Rangi ya buluu ya midomo na ulimi hujitokeza hali ikiwa imeshakuwa mbaya, na huwa vigumu zaidi kuitambua kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi au mwenye upungufu wa damu, hasa katika chumba chenye mwanga hafifu. Nchini Papua New Guinea, hospitali tano zilipopewa oksimita pamoja na mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, vifo vya watoto waliolazwa kwa nimonia vilipungua kwa asilimia 35, kama ilivyoripotiwa mwaka 2008. Neno la kuzingatia hapo ni pamoja, maana namba peke yake haimpi mtoto pumzi.

Tanzania ina ushahidi wake, na ni ushahidi unaopaswa kujulikana zaidi. Katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa Lausanne, Uswisi, walivigawa vituo 40 vya afya ya msingi katika makundi mawili. Vituo 20 viliendelea na huduma ya kawaida, na vingine 20 vilipewa vishikwambi vyenye programu iitwayo ePOCT+, oksimita, na vipimo vya papo kwa papo vya himoglobini na vya protini ya CRP, ambayo huongezeka katika damu kunapokuwa na uvimbe mkali mwilini na hivyo husaidia kubashiri kama maambukizi yanahitaji antibiotiki. Mhudumu aliingiza dalili na vipimo vya mtoto, na programu ikamwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye utambuzi wa ugonjwa na tiba. Matokeo, yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 na yaliyohusu mahudhurio zaidi ya 44,000, yalionyesha kwamba katika vituo vya kawaida asilimia 70.1 ya watoto waliandikiwa antibiotiki, ilhali katika vituo vyenye programu ni asilimia 23.2 tu, na idadi ya watoto ambao hawakupona vizuri kufikia siku ya saba ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, yaani asilimia 3.8 na 3.7. Antibiotiki zisizohitajika zikipungua kwa kiasi hicho, bakteria hupata nafasi ndogo ya kujenga usugu, na dawa hubaki na nguvu kwa mtoto atakayezihitaji kweli.

Programu hiyo, hata hivyo, si akili mnemba kwa maana iliyoelezwa mwanzoni. Kanuni zake ziliandikwa na wataalamu, zikajadiliwa na madaktari wa nchi husika, na kila hatua inaweza kufunguliwa na kuhojiwa: kwa nini mtoto huyu amepewa rufaa, kwa nini yule amenyimwa dawa. Katika mazingira ambapo mhudumu wa zahanati hana bingwa wa kumpigia simu, uwazi wa namna hiyo ni sifa kubwa, na haifai kuudharau kwa sababu tu teknolojia mpya zaidi imeingia sokoni.

Sasa turudi kwenye jedwali lililo ndani ya oksimita. Mwaka 1990 tayari kulikuwa na utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba oksimita hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi, lakini matokeo yake hayakubadili taratibu za hospitali. Suala liliibuka upya Agosti 2020, pale mwanaanthropolojia Amy Moran-Thomas alipochapisha makala katika jarida la Boston Review akihoji jinsi rangi ya ngozi inavyoathiri kifaa hicho. Makala hiyo iliwasukuma madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan kurudi katika kumbukumbu zao za wagonjwa waliopimwa kwa njia zote mbili, kidoleni na kwenye ateri, karibu kwa wakati mmoja. Katika ripoti yao ya Desemba 2020 walieleza kwamba, kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha kiwango cha asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa kwa kweli chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Maana yake kwa lugha ya wodini ni kwamba mgonjwa mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuonekana salama ilhali anakosa oksijeni. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba katika wimbi la UVIKO-19 kosa hilo lilichelewesha baadhi ya wagonjwa weusi kutambuliwa kuwa wanastahili matibabu.

Chanzo chake kinaeleweka. Melanini, kemikali inayoipa ngozi weusi wake, humeza mwanga, na humeza zaidi ule mwekundu kuliko infraredi, hivyo huingilia uwiano ambao ndio msingi wa hesabu nzima. Kama jedwali lingejengwa kwa kupima watu wa rangi zote kwa idadi ya kutosha, sehemu kubwa ya kosa hilo ingeonekana mapema na kurekebishwa. Mwongozo wa mwaka 2013 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, uliridhika na watu wasiopungua 10, ambao kati yao wawili au asilimia 15 wawe na ngozi nyeusi. Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu inayopendekeza idadi ipande hadi watu 150 au zaidi, na rangi ya ngozi ipimwe badala ya kukisiwa. Inasikitisha kwamba ilichukua zaidi ya miaka 30 tangu onyo la kwanza, na inafaa kukumbukwa kwamba vifaa vingi vinavyouzwa leo katika maduka ya dawa ya Kariakoo au ya Mtaa wa River Road mjini Nairobi vimetoka viwandani kwa kufuata viwango vya zamani, au bila kupitia mamlaka yoyote ya aina hiyo.

Rangi ya ngozi si suala pekee, na msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine za kukisoma kifaa hiki kwa makini ambazo vitabu vya ughaibuni huzigusia kwa mstari mmoja. Ya kwanza ni mwinuko wa ardhi. Mji wa Mbeya uko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu na hapo, hivyo mtoto mzima wa afya wa nyanda hizo husomeka chini kidogo kuliko mwenzake wa Tanga au Mombasa, na kikomo cha rufaa kilichowekwa pwani kinaweza kuwajaza wasioumwa katika hospitali ya bara. Ya pili ni upungufu wa damu, unaoletwa mara nyingi na malaria na selimundu: oksimita hueleza ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni, haielezi himoglobini yenyewe ni kiasi gani, kwa hiyo mtoto aliyepoteza nusu ya himoglobini yake anaweza kuonyesha asilimia 98 huku viungo vyake vikiwa na njaa ya oksijeni. Ya tatu ni jiko la mkaa linaloachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka humo hujishika kwenye himoglobini na kuipa wekundu unaofanana sana na ule wa oksijeni, na kifaa, kisichoweza kuzitofautisha, hutoa namba nzuri kwa mtu anayekaribia kufa. Zaidi ya hayo, bibi harusi wa pwani aliyepakwa piko nyeusi nzito hadi kwenye kucha anaweza kuuzuia mwanga usipite, na muuguzi anayejua kazi yake huhamishia kibanio kwenye ncha ya sikio au kidole kisichopakwa.

Haya yote yangebaki kuwa elimu ya muuguzi makini kama namba ya oksimita ingesomwa na muuguzi peke yake. Leo namba hiyo, pamoja na mapigo ya moyo, joto, shinikizo la damu na majibu ya maabara, humiminwa katika programu zinazobashiri mgonjwa yupi atazidiwa kabla hajazidiwa, na kosa lililokuwa la kifaa kimoja huingia katika hesabu ambayo hakuna aliyeko wodini awezaye kuifungua. Tofauti ya programu hizo na ePOCT+ iko hapo. Akili mnemba hujifunza kwa kupewa maelfu ya kumbukumbu za wagonjwa ambao mwisho wao unajulikana, ikajirekebisha mara nyingi hadi makisio yake yakaribiane na yaliyotokea, na kinachobaki ndani yake ni mamilioni ya namba ndogo ambazo hata mtengenezaji hawezi kuzieleza moja moja. Uwezo wake wa kuona ruwaza zilizojificha ni wa kweli. Uwezo wake wa kurithi kasoro za kumbukumbu ilizolishwa ni wa kweli vilevile.

Mfano wa wazi zaidi wa urithi huo ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science na kundi lililoongozwa na Ziad Obermeyer. Programu iliyotumiwa na hospitali na bima nyingi za Marekani ilikuwa ikichagua wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa ziada, na kwa kuwa ugonjwa ni mgumu kupimika, watengenezaji wake waliiunda ikisie gharama za matibabu badala yake, kwa hoja kwamba anayeumwa sana hutumia sana. Wagonjwa weusi, hata hivyo, walitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi yaleyale, kwa sababu za umaskini na za kutofikiwa na huduma, hivyo programu ikawahesabu kuwa wazima zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kuondoa kasoro hiyo kungepandisha sehemu ya wagonjwa weusi wanaopewa msaada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi haikuwamo kabisa katika taarifa zilizolishwa programu hiyo, na bado matokeo yalifuata rangi. Nchi yoyote ya Afrika Mashariki itakayofundisha programu kwa kumbukumbu za madai ya bima ya afya itaangukia palepale, kwa sababu mkulima wa Rufiji asiye na bima na asiyefika hospitali haonekani humo kama mgonjwa, haonekani kabisa.

Mafanikio makubwa zaidi ya akili mnemba katika tiba za nchi za kipato cha chini hadi sasa yako kwenye kifua kikuu. Picha ya eksirei ya kifua ni njia nzuri ya kuchuja watu wengi, lakini wataalamu wa kuisoma ni wachache mno nje ya miji mikuu, na programu za kompyuta zilipofundishwa kwa picha nyingi ziliweza kusoma kwa kiwango kinachokaribiana na cha wasomaji hao. Machi 2021 WHO ilipendekeza zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ikifungwa kwenye mashine ndogo ya eksirei inayobebeka na kutumia betri, programu hiyo huweza kufika gerezani, mgodini au kisiwani, na kutoa alama ya uwezekano wa ugonjwa kwa dakika chache, kisha wenye alama ya juu wakatoa makohozi yapimwe kwa mashine ya vinasaba.

Kinachofaa kusisitizwa hapa ni kwamba WHO haikutaja alama moja ya kukata shauri inayofaa kila mahali. Mapafu ya mchimbaji wa zamani wa dhahabu yana makovu ya vumbi, ya aliyewahi kuugua kifua kikuu yana makovu ya ugonjwa uliopona, na ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI yanaweza kuonekana safi huku ugonjwa ukiwamo. Kwa hiyo kila mpango wa taifa unatakiwa kuijaribu programu kwa watu wake na kuchagua kikomo chake, ukipima ni wagonjwa wangapi uko tayari kuwakosa na ni vipimo vingapi vya makohozi unaweza kuvigharimia. Utaratibu huu ni wa kuigwa, kwa kuwa unakubali tangu mwanzo kwamba programu ni mgeni anayepaswa kupimwa kabla ya kuaminiwa, jambo ambalo halikufanywa kwa oksimita.

Pale kipimo cha namna hiyo kinaporukwa, matokeo huwa ya kusikitisha. Programu ya Google ya kusoma picha za retina ya jicho kwa ajili ya kutambua madhara ya kisukari ilikuwa imefanya vizuri sana maabara, ikigundua zaidi ya asilimia 90 ya macho yenye tatizo, lakini ilipopelekwa katika kliniki 11 za Thailand, zaidi ya moja ya tano ya picha zilikataliwa na programu kwa kutofikia ubora, kwa kuwa wauguzi walipiga picha katika vyumba ambavyo havikuweza kutiwa giza la kutosha, na intaneti ilipolegea foleni ya wagonjwa ilirefuka. Ni haki kuwasifu watafiti wa kampuni hiyo kwa kuyachapisha matokeo hayo wenyewe mwaka 2020. Huko Michigan, programu iliyoenea sana ya kuonya kuhusu sepsisi, hali ambayo mwili huharibu viungo vyake ukipambana na maambukizi, ilichunguzwa mwaka 2021 na kukutwa imewakosa asilimia 67 ya waliopata sepsisi huku ikipiga king'ora kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. King'ora kinacholia hivyo huwafundisha wauguzi kutokisikiliza.

Nairobi imetoa jaribio jingine. Mwaka 2025 mtandao wa kliniki za Penda Health na kampuni ya OpenAI walitoa ripoti ya mahudhurio 39,849 katika kliniki 15, ambapo nusu ya wahudumu walikuwa na programu ya lugha iliyosoma kimyakimya waliyoyaandika na kuwaonya kwa rangi za taa za barabarani pale ilipoona hatari, na uamuzi ukabaki mikononi mwao. Makosa ya utambuzi wa magonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya tiba kwa asilimia 13. Tofauti katika nafuu ya wagonjwa wenyewe haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu, na ripoti iliandikwa na wenye bidhaa na wenye kliniki, hivyo inangoja kuhakikiwa na wengine. Lakini jambo moja lililosaidia sana ni kazi ya polepole ya kuirekebisha programu ifuate miongozo ya tiba ya Kenya na magonjwa ya huko.

Kuhusu umiliki wa taarifa, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jambo ambalo sheria hizo hazilisemi kwa uwazi wa kutosha ni iwapo nchi ambayo kumbukumbu za wagonjwa wake zimeinoa programu ina haki yoyote juu ya bei ya programu hiyo inaporudi kuuzwa kwake.

Kazi iliyo karibu zaidi, na isiyohitaji kungoja sheria mpya, ni ya kupima. Hospitali za rufaa za ukanda huu tayari huchota damu ya ateri katika vyumba vya wagonjwa mahututi, na kila sampuli hiyo ikiandikwa pamoja na namba ya oksimita ya dakika ileile, aina ya kifaa na rangi ya ngozi iliyopimwa kwa kadi ya rangi, katika mwaka mmoja au miwili zitapatikana taarifa za kutosha kuwaambia wanunuzi wa serikali ni oksimita zipi zinafaa na zipi zikataliwe bandarini. Sambamba na hilo, zahanati inayopewa oksimita ipewe pia vibanio vya vidole vya watoto wachanga, betri za akiba, oksijeni, na njia ya rufaa. Katika rufaa Tanzania ina mahali pa kuanzia: mpango wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa kabla ya kuenezwa nchini, humwezesha mhudumu au mwanajamii kupiga namba 115 bila malipo ili mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini atafutiwe gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini anayelipwa kwa simu pale gari la wagonjwa lisipopatikana. Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia na namba 84 kidoleni hayumo katika mpango huo, na kumwingiza kunahitaji bajeti ya mafuta na ya madereva zaidi kuliko kunavyohitaji programu mpya.